Utomvu wa Kupakwa

4 Juni

Daftari hili ni la ofisi. Nilipewa niandikie idadi ya dundu wanaonaswa mitegoni. Dundu wataandikwa kwingine. Kiangazi hiki nina hasira nyingi kuliko dundu, na hasira zangu nisipoziandika huwa nazihamishia kwa watu.

Mnyoo anayeua misonobari yetu haonekani kwa macho. Husafiri ndani ya dundu mwenye masharubu marefu. Dundu akitafuna tawi changa la msonobari, mnyoo anashuka na kuingia kwenye mti, na baada ya wiki chache wamekuwa maelfu. Wanaziba njia za maji. Mti wa miaka thelathini unakufa kwa kiu huku umesimama, na maji yapo tele chini ya mizizi. Kazi yangu ni kuwatafuta. Stesheni ya misitu wananiita Mpimaji. Wenye mashamba wakishapata majibu wananiita Mnyongaji, maana sheria haina huruma: mti mmoja ukikutwa na minyoo, kila msonobari ulio ndani ya hatua mia mbili unakatwa na kuchomwa, mzima na mgonjwa, kabla dundu hawajaruka.

Jana nilikula kwa Baba. Akaniuliza, "Mwanangu, mnaujuaje mti mgonjwa kabla haujanyauka?" Nikafurahi kuulizwa. Nikatoka naye nje, nikamwonyesha. Unachukua kitoboleo, unatoboa gome, tundu la ukubwa wa kifungo cha shati. Asubuhi unarudi. Mti mzima utakuwa umetoa utomvu, tone linaning'inia tunduni. Mti mgonjwa hautoi kitu. Ule mkavu ndio tunaupekecha kwa keekee na kuchukua unga wa mbao kwenda kupima. Tukisema tupekeche yote, hatumalizi mpaka Kiama.

"Kumbe mti unaotoa utomvu mnauacha," Baba alisema.

"Tunauacha, Baba."

Akatikisa kichwa kwa kuridhika. Nilijiona mwalimu.

5 Juni

Joto. Keekee imeng'oka mpini. Nimeitukana mpaka karani kafunga dirisha.

11 Juni

Wamepatikana. Shamba la Mama wa Bondeni, mti wa tatu kutoka kijitoni. Yule mama ni mjane, na misonobari ndiyo mali yote aliyoachiwa.

Unga wa mbao niliufunga kwenye kitambaa, nikauloweka kwenye faneli yenye maji. Minyoo huacha mbao na kuzama polepole hadi kwenye mrija wa mpira ulio chini. Leo asubuhi nimefungua kibanio, nikakinga matone machache kwenye kisahani cha kioo, nikaweka jicho kwenye hadubini. Walikuwa wamejaa tele, wanajinyonganyonga.

Nilimwita Ngurumo, mkuu wa wakataji. Anaitwa hivyo kwa sababu hana sauti ndogo; hata siri huitangaza.

"Hawa ndio wanaangusha miti?" akapaza sauti. "Mimi na msumeno wa chenso natokwa jasho nusu saa, haka kadude hata meno hakana!"

Nilicheka. Halafu nikaenda kupima hatua. Kilima cha Baba kiko ng'ambo ya kijito. Kinaanzia hatua ya mia mbili na kumi na tano. Nilipima mara mbili. Kaka yangu, anayeishi na Baba, alipima mara tatu.

15 Juni

Leo tumeua mia mbili na minane.

Sina neno jingine. Chenso tatu tangu alfajiri. Msonobari ukikatika hutoa mlio wa mfupa, halafu unakuja chini unavunja mikono ya wenzake njiani. Hadi saa tisa bonde zima lilikuwa visiki vinavyovuja, na moto ulikuwa mrefu kuliko nyumba. Nilipumua utomvu uliochomwa hadi nikatapika.

Mama wa Bondeni alisimama pembeni kutwa nzima, amefunga kanga kiunoni. Mti wa mwisho ulipoanguka aliinama. Nilidhani anafunga kiatu. Jiwe likanipata juu ya jicho.

"Na kwa baba yako je?" alipiga kelele. "Mbona kwa baba yako hamkati?"

"Kwa Baba ni hatua mia mbili na kumi na tano, Mama."

"Hatua za miguu ya nani?"

Damu ilikuwa imeniingia jichoni. Nilimsukuma. Naandika hapa kwa sababu kwenye ripoti sitaandika: nilimsukuma kwa mikono miwili mwanamke wa rika la mama yangu, akaanguka na kiganja chake cha kulia kikazama kwenye makaa. Alipiga ukelele mmoja tu. Ngurumo aliona, na kwa mara ya kwanza tangu nimfahamu hakusema kitu.

16 Juni

Nyuzi tano. Baba alifika zahanati na bakora yake. "Nani kamgusa mwanangu? Nionyesheni!" Alitaka kushuka bondeni akampasue yule mama kichwa. Nilimshika kiuno nikamrudisha kitini. Nina miaka arobaini na mmoja na nilifurahi kama mtoto aliyepata mtetezi shuleni. Habari ya kiganja sikumwambia.

23 Juni

Jana jioni nilitoboa miti arobaini kwenye kilima cha Baba, Baba mwenyewe akinishikia ndoo. Misonobari hii aliipanda mwaka aliokufa Mama. Aliipandishia maji begani, kiangazi kizima, watu wakimcheka kwamba amechanganyikiwa na msiba. Nilikuwa na miaka kumi na mitatu. Naijua kwa mistari.

Sikulala vizuri. Leo saa mbili nimepanda kilimani. Wa kwanza, tone. Wa pili, tone. Arobaini yote imetoa! Nilimkumbatia Baba, naye akanusa kichwa changu kama zamani. Kwenye fomu nikaandika SAFI kwa herufi kubwa, nikapiga mstari chini yake mara mbili.

30 Juni

Dundu kumi na saba. Jua kali.

12 Julai

Nimekutana na Mama wa Bondeni dukani. Mkono umefungwa kitambaa. Alinitemea mate miguuni. Kaka, aliyekuwa nami, akamwamkia kwa sauti: "Shikamoo, Mama Mkaa!" Watu wakacheka. Nami nilicheka. Mwizi hapendi kuonwa na shahidi, na kile kiganja kilikuwa shahidi wangu.

18 Julai

Juu ya kilima cha Baba vilele vinne vimekuwa rangi ya kutu.

"Ni jua tu," Baba alisema. "Hata wewe umebabuka."

Nimetoboa tena.

19 Julai

Yote imetoa utomvu. Basi ni jua.

2 Agosti

Kutu imefika vilele ishirini. Ni jua. Upepo umekuwa wa moto, vidirisha vya ofisi vinagonga kutwa, nimemfokea kila mtu stesheni hadi mlinzi wa geti. Baba amenitumia maziwa.

6 Agosti

Jana nilitoboa tena kilimani. Leo Ngurumo alikataa kuniacha nirudi peke yangu. "Mimi sijasoma, dada, lakini rangi naijua. Ule mti umekufa. Maiti haitokwi jasho."

Tulifika saa moja asubuhi. Matone yalikuwepo, mazuri, yanang'aa.

"Kiberiti unacho?" akaniuliza.

"Uvute sigara humu? Una wazimu?"

Alichukua njiti moja, akaichomeka ndani ya tundu, kwa chini ya tone. Ikatoka kavu, safi. Mti wa pili, kavu. Wa tatu, kavu. Utomvu wa kweli hutoka ndani. Huu ulikuwa mlangoni tu. Akagusa tone, akanusa kidole.

"Mafuta ya taa. Utomvu mgumu umelainishwa, ukapakwa. Dada, wamekuchezea."

Nilimwambia ni mwongo. Nilimwambia anamwonea wivu Baba kwa sababu yeye baba yake hakumwachia hata mche. Kitoboleo kilikuwa mkononi na nilimpiga nacho kifuani. Shati likachanika, damu ikatoka. Hakurudi nyuma.

"Nipige," alisema. "Ukimaliza, nusa."

Nilinusa.

7 Agosti

Naandika kwa mkono wa kushoto. Atakayesoma anisamehe mwandiko.

Nilikwenda moja kwa moja kwa Kaka. Nani mwingine? Mvivu, mpenda mizaha, anayengoja kilima kama fisi angojavyo mkono udondoke. Alikuwa uani anapasua kuni. Sikumwamkia. Nilimpiga kwa ngumi mdomoni, jino la mbele likaondoka, akanirudishia mimi tumboni, tukaanguka wote juu ya kuni. Nilimkaba. Nilimkaba kweli, naye akanivuta nywele mpaka kovu la juu ya jicho likapasuka.

"Siyo mimi!" alisema huku damu inamtoka kinywani. "Mwehu wewe! Kamuulize anayeamka alfajiri!"

"Mwache kaka yako."

Baba alisimama mlangoni. Mkononi alishika kopo la rangi, kuukuu, na kijiti. Ncha za vidole vyake zilikuwa nyeusi kwa utomvu. Hakuficha kitu. Nadhani alikuwa amechoka kuficha.

"Baba."

"Wewe ndiye uliyenifundisha," alisema.

Nilimwambia kesho naleta keekee, napekecha kilima kizima. Akaweka kopo chini taratibu, akaegemeza kijiti ukutani, akachukua bakora. Baba hajanipiga tangu nizaliwe. Alinipiga tatu: bega, kiwiko, na ya tatu nilipoinua mkono kujikinga ikanivunja kidole cha kati na cha pete. Kaka ndiye aliyemshika. Kaka, mwenye jino mkononi, alimkumbatia Baba kwa nyuma akimwambia, "Inatosha, Baba, inatosha," na machozi yanamtoka.

Miaka yote hii nilimdharau mtu ambaye hakufanya kitu, nikamsujudia aliyefanya. Baba aliniangalia nikiwa chini, akasema, "Nilimzika mama yako mara moja. Usinizikishe mara ya pili." Halafu akaingia ndani akafunga mlango.

10 Agosti

Miti tisa imepekechwa. Tisa ina minyoo. Kwenye kioo hapakuwa na nafasi ya maji. Hati ya kukata nimeiandika mimi, kwa kushoto.

19 Agosti

Tulidhani Baba amekubali. Tulipopanda kilimani alikuwa ndani, mlango umefungwa. Kaka alikuja na shoka lake na kujiunga na kikosi bila kuambiwa.

Mti wa kwanza ulianguka. Wa pili ukaanguka. Kwenye wa tatu Ngurumo aliingiza chenso, ikala mbao kidogo, halafu pakatoka cheche na mlio ambao sijawahi kuusikia kwenye mti. Mnyororo ukakatika. Ulirudi kama mjeledi. Nilikuwa hatua nane na bado damu ilinifikia usoni.

Mkono wake wa kushoto, chini ya kiwiko, ulikuwa umeshikwa na ngozi. Aliutazama. "Dada," alisema, "mbona siusikii?" Kisha akauhisi, na sauti aliyotoa imo masikioni mwangu hadi sasa. Kaka alivua shati, akamfunga juu ya kiwiko, akakaza kwa mpini wa shoka. Tulimbeba juu ya ubao wa kukalia hadi kwenye gari la stesheni. Njiani miguu yetu iliteleza kwa damu na majani ya misonobari.

Nilirudi kutazama ule mti. Ndani ya mkato palikuwa na msumari, mrefu kama kalamu, umekatwa nusu. Ulipigwa kwa nyundo hadi ukazama chini ya gome na kovu lake likapakwa utomvu. Nikagusa mti wa jirani. Msumari. Na wa jirani yake.

Baba alikuwa ametoka mlangoni. "Nani?" akauliza.

"Ngurumo."

Akakaa pale pale kizingitini. "Nilidhani mashine itaharibika," alisema. "Nilidhani itaharibika mashine tu, wakate tamaa, waende zao."

Nilimwambia maneno ambayo binti hamwambii baba. Sitayaandika.

20 Agosti

Mkono wameukata. Nilikaa kando ya kitanda. Ngurumo alinong'ona, ilibidi niinamishe sikio. Sikujua kwamba anaweza kunong'ona. "Kifua changu kimepona," alisema. "Ulinipiga hafifu tu."

21 Agosti

Polisi wamekuja kuuliza nani alipiga misumari. Kaka aliniangalia. Nikasema, "Baba."

25 Agosti

Hakuna aliyethubutu kuwasha chenso tena. Tunamaliza kwa shoka na misumeno ya mikono, na kabla ya kila mti tunapapasa gome kwa viganja, juu hadi chini. Tumeng'oa misumari sitini na mmoja.

Leo tumefika mstari wa mwisho, ule unaotazama kijito. Nilipokuwa napapasa, kidole kiliingia kwenye kitu laini. Utomvu uliochanganywa na unga wa mbao, umesindiliwa kama lami kwenye mtumbwi. Nikauchokoa. Nyuma yake tundu la mviringo kamili. Dundu mkubwa akitoka ndani ya mti unaokufa huacha tundu la namna hiyo. Nikachokoa jingine na jingine. Miti sita, matundu zaidi ya mia. Kingo zake zilikuwa za kijivu na gome limejikunja. Hayo si ya mwaka huu. Dundu walitoka humo kiangazi kilichopita, wakaruka, na wa kwanza waliyemkuta ng'ambo ya kijito ni Mama wa Bondeni.

Baba aliona. Aliziba. Mwaka mzima kabla sijamfundisha chochote, alikuwa ameshajua pa kuanzia. Kama angesema, tungekata kilima hiki na labda miti michache ya ng'ambo. Badala yake tulikwenda kwa yule mjane tukamwangushia mia mbili na minane, nikamchoma kiganja, na kaka yangu akamwita mkaa mbele ya duka.

Nimekaa kwenye kisiki. Kaka alikaa karibu yangu. Hapo mbeleni palipokuwa na misonobari sasa unaona hadi barabarani.

"Utamwambia yule mama?" akauliza.

"Nani asimwambie?"

"Hakuna anayejua. Ni mimi na wewe. Baba yuko mahabusu tayari, ya nini kumwongezea?"

Nikainuka. Tumewasha moto.

3 Septemba

Wingu limekuja, likaondoka. Ripoti iko mezani. Pale panaposema "chanzo cha maambukizi" pako wazi.

11 Septemba

Bado pako wazi. Nimemfokea karani, kisha nikamwomba radhi. Alishtuka kuliko nilipomfokea.

12 Septemba

Nimeandika "kilima cha Baba" kwa jina lake kamili, nikatia sahihi, halafu nikashuka bondeni nimwambie kwa kinywa changu kabla hajaambiwa na karatasi.

Mama wa Bondeni alikuwa anang'oa visiki. Peke yake, na jembe, kwa mkono mmoja mzuri na mmoja wa kovu. Hakuniambia karibu. Nilisimama nikamweleza yote: utomvu, matundu ya mwaka jana, mia mbili na kumi na tano. Nikamweleza na ya kiganja, kwamba sikuteleza, nilimsukuma kusudi.

Alisikiliza hadi mwisho. Kisha akaweka jembe chini, akaja, akanipiga kofi kwa mkono ule ule wenye kovu. Ngozi yake ni ngumu kama gome. Niliona nyota mchana.

"Hilo ni lako," alisema. Akainua mkono tena, nikafumba macho. Hakupiga. "La pili ni la baba yako. Mimi kule mahabusu hawataniruhusu. Mpelekee. Na usilipunguze njiani."

Nikageuka kuondoka. Akaniita. Alinipa maji kwenye kata, nikanywa nimesimama, akarudi kwenye visiki vyake.

13 Septemba

Mvua imenyesha. Mvua ya kwanza, kubwa, bati la kituo cha polisi linapigwa hadi ilibidi tuongee kwa kupaza sauti.

Baba amekonda. Vidole vyake bado vina utomvu kwenye kucha; sabuni haiutoi. Hakuulizia kilima. Aliuliza mkono wa Ngurumo, nikamwambia unafunga. Aliuliza vidole vyangu, nikamwonyesha.

"Yale matundu ya mstari wa kijito umeyaona," alisema.

"Nimeyaona."

"Umemwambia mwenyewe?"

"Nimemwambia."

Akanitazama shavu. "Kasemaje?"

"Hili ni langu. Lako kanituma nikuletee."

Askari wa zamu alikuwa kwenye meza yake anasogeza makaratasi yasilowe. Baba akainuka, akasogea, akaweka uso wake kati ya nondo mbili, akafumba macho.

"Siwezi, Baba."

"Umetumwa, mwanangu. Kiangazi hiki umewapelekea watu mengi. Na hili lipeleke."

Nilipitisha mkono wa kulia, ule alioupiga kwa bakora, ambao bado haukunjiki vizuri. Shavu lake lilikuwa na ndevu za siku tatu. Nikapiga. Sikulipunguza.

Askari akaruka kutoka kitini. Baba akamwinulia kiganja akae.

"Mwambie limefika," alisema.